Kihariri Chenye Sauti ya Bibi

Siku ya kuchagua vihariri, mji mzima wa Kwekibuyu ulivaa kama unakwenda harusini. Wanawake walifunga vilemba, watoto walikatwa kucha, na Mwantumu alimpaka binti yake Tausi mafuta usoni mpaka mtoto akalalamika kwamba atateleza kwenye kiti.

"Tulia," Mwantumu alimwambia. "Leo unapewa mwenzi wa kazi. Utamwendea na uso mkavu?"

"Ni kihariri, mama. Hakina macho."

"Wenye macho watakuwepo."

Na kweli walikuwepo. Katika milima ile maji yote yalivunwa mawinguni. Nyavu ndefu zilitandwa juu ya vilele, zikakamata ukungu, ukungu ukawa matone, matone yakashuka bwawani, na kutoka bwawani yakaenda mashambani kwa mifereji yenye milango ya chuma. Hakuna mkono wa mtu uliogusa milango ile. Ilitii programu, na programu ziliandikwa na vijana wa Karakana. Kijana akikubaliwa Karakana, kitu cha kwanza alichochagua kilikuwa kihariri, chombo cha kuandikia amri zake. Kila amri ilipigwa chapa mbili, moja ya mkono wa mwandishi na moja ya kihariri chake, ili jambo likiharibika ajulikane wa kuulizwa. Miezi ya mwanzo ilikuwa ya kujaribu. Ikiisha, chapa hizo mbili hufungwa pamoja, na zikishafungwa hazifunguliwi tena. Anayetaka kihariri kingine baada ya hapo ameacha kazi.

Fundi Kaoneka, mkuu wa Karakana, mtu mrefu mwenye kikohozi kisichopona, aliviweka vihariri vitatu mezani mbele ya wazazi.

"Hiki kinaitwa Ubao," alisema. "Hakijui lolote. Unaandika, kinashika. Ukikosea utajua siku ya kuendesha. Hiki ni Taa. Ukikosea herufi kinawaka nyekundu papo hapo, lakini hakikwambii uandike nini. Na hiki cha tatu ni Kivuli." Akakohoa. "Kivuli kinajua utakachoandika kabla hujakiandika."

Ukumbi ulinong'ona. Mwantumu, ambaye elimu yake iliishia darasa la saba na hakuona aibu kuuliza, aliinuka.

"Fundi, kwa mgeni wa kazi, wewe ungemchagulia kipi?"

"Mgeni aanze na Ubao, mama. Mwaka wa kulia, halafu basi."

Wanawake wakacheka. "Sisi tumeshalia kwa niaba yao, fundi," mmoja akasema kutoka nyuma, na huyo alikuwa Mama Hoza, jirani yake Mwantumu, mwenye mdomo usiojua kukaa msibani wala harusini. "Mimi wa kwangu angekuwa hapa ningemwambia achukue chenye akili. Mjinga nyumbani ninaye mmoja, anatosha."

Ndipo aliposimama binti wa kampuni iliyotengeneza Kivuli. Alikuwa na sauti laini na viatu visivyo na vumbi. Alieleza kwamba Kivuli hakiji kama mashine. Kivuli hulelewa na familia. Mzazi hukipa sauti ya mtu ambaye mtoto anamwamini, na tangu hapo kila kinachomfundisha mtoto hukisema kwa sauti hiyo. Mtoto haogopi. Mtoto haachi kazi katikati.

Mwantumu aliikumbuka simu kuukuu iliyolala chini ya sanduku lake, imefungwa kwenye kanga. Ndani yake mlikuwa na sauti ya mama yake, Bi Rehani, aliyezikwa mwaka uliopita. Wakati Mwantumu akiishi Pangani na mumewe kwenye mitambo ya upepo, Bi Rehani alikuwa akimtumia ujumbe wa sauti kila baada ya sala ya alfajiri. Alimweleza mahindi yamefika wapi, mbuzi gani amezaa, nani amefunga ndoa na nani ameikimbia. Mwisho aliwasalimu watu wote mmoja mmoja kwa majina yao. Baadaye Mwantumu alirudi Kwekibuyu na mwanawe, mume akabaki na mitambo yake, na bibi akamlea Tausi mgongoni mpaka miguu ya mtoto ikaburuza chini.

Bi Rehani alikuwa mtu wa namna yake. Hakuwahi kumkatiza mtu maneno. Hata mtoto mwenye kigugumizi alimngoja, ameegemea mpini wa jembe, macho yake yamemtulia usoni, mpaka neno la mwisho lidondoke. Kisha huuliza, "Umemaliza?" Ukisema ndiyo, ndipo hujibu.

Mwantumu alipokimbilia nyumbani na kurudi nayo, binti wa kampuni aliichukua simu kwa mikono miwili. Alieleza kwa upole kwamba simu haitarudishwa, maana sauti ikishatolewa haitakiwi kubaki mahali pawili, wauzaji wengine wasije wakaiiba. Mwantumu akaweka kidole mahali alipoambiwa. Alitoka pale moyo wake umejaa. Alijiona kama mtu aliyemtoa mama yake kaburini na kumpa mtoto wake amshike mkono.

*

Nyumbani, Tausi alifanyia kazi barazani, kihariri kimelala magotini kama karatasi nyembamba ya kioo. Alipoanza neno, herufi za kijivu zilitangulia mbele ya kidole chake, zikimngoja. Akikubali, aligusa, zikawa nyeusi. Asipokubali, ilimpasa aseme kwa kinywa, "Nakataa." Waliotengeneza Kivuli waliona kwamba neno la kinywa lina uzito kuliko kidole kinachoweza kuteleza, na huko walikotoka pengine ni kweli.

Wenzake Tausi walikataa bila shida. Kijana mmoja, Mbaruku, alikipa kihariri chake sauti ya mjomba wake mcheza bao, na Karakana nzima ilimsikia akigombana nacho. "Nakataa, mjomba. Hapo umelala." Watu wakicheka, naye mjomba wa kioo akianza upya bila kinyongo.

Tausi hakugombana. Alisema, "Ndiyo, bibi."

Mwantumu alikuwa akichambua maharage kwenye ungo na kusikiliza. Sauti ile ilikuwa ile ile, yenye mkwaruzo kidogo kama ya mtu aliyetoka kupuliza moto.

"Mjukuu wangu, hapa tuweke hivi, mlango usubiri bwawa lijae nusu."

"Ndiyo, bibi."

"Hapo umerudia, tufupishe."

"Ndiyo, bibi."

Siku nyingine Mwantumu alishindwa kujizuia. Aliinama karibu na kile kioo akasema, "Shikamoo, mama."

"Marahaba mwanangu. Umekula?"

Alijifuta macho kwa upindo wa kanga, akacheka, akarudi kwenye maharage yake. Kazi za Tausi zilikwenda mbio. Wenzake wa Ubao walikuwa bado wanahangaika kufungua na kufunga mlango wa bati wa kujaribia, yeye ameshapewa mfereji wa kweli, ule wa mtaa wao wenyewe.

Jioni moja kabla ya magharibi, Mwantumu aliona kidole cha mtoto kimesimama hewani. Kilikaa hapo muda mrefu, kama mtu aliyefika mlangoni akasahau alikuja kwa nani.

"Nini, mwanangu?"

"Hakuna, mama. Kuna mstari nilitaka kuuweka. Bibi anasema hauna kazi, tuutoe."

"Basi si umesikia," Mwantumu alisema, na hakuinua macho kutoka kwenye ungo. "Bibi anajua."

Tausi akagusa kioo. "Ndiyo, bibi," akasema.

*

Kwekibuyu kuna msaragambo. Tope likizidi kwenye mifereji, wazee wa mtaa hulitazama, hushauriana, na jioni hupiga pembe. Kesho yake kila nyumba hutoa mtu mwenye jembe, na wote hushuka mferejini kuzoa tope pamoja. Siku hiyo haimo kwenye kalenda yoyote. Inaweza kuwa wiki hii, inaweza kuwa mwezi ujao, tope ndilo linaloamua. Pembe ikishalia, mzee mmoja hubonyeza tangazo kwenye nguzo ya bwawa, na programu ya mlango hutakiwa kulisoma tangazo hilo na kuuacha mlango umefungwa hata kama bwawa limejaa.

Siku moja pembe ililia, na asubuhi yake Mwantumu alishuka na jembe la mama yake, na Mama Hoza akawa mbele yake, tope magotini.

"Jirani, mbona unachota kama unaonja mchuzi?" Mama Hoza alisema. "Chota. Au umeanza kuwa mama wa mkubwa?"

"Mkubwa gani?"

"Si mtoto wako ndiye mwenye mlango huu sasa? Kesho tutakuja kukuomba maji kwa barua."

"Wewe utapewa ya kunawa tu. Kuoga mpaka ubadili tabia."

Wanawake wa nyuma walicheka. Mama Hoza naye alikuwa anacheka, kichwa amekigeuza nyuma, na ndiyo maana hakuona. Juu kwenye kona, chuma kililia. Ukungu wa siku tatu ulikuwa umejaza bwawa, programu ikaona bwawa limejaa, ikafungua.

Maji hayakuja kama ukuta, kama watu wanavyosimulia sasa. Yalikuja chini chini, yakaondoa tope nyayoni mwao kama mtu anayevuta mkeka. Mwantumu alishika shina la mgomba. Aliwaona wenzake wakishikana nguo na kupanda ukingoni, na alimwona Mama Hoza akianguka kwa makalio, akijaribu kuinuka, na jiwe la ukingo likiviringika polepole, kwa utulivu kabisa, likiufuata mguu wake.

*

Zahanati ilikuwa imejaa majirani wenye tope, wanaume kwa wanawake. Mguu ulikuwa umevunjika mahali pawili chini ya goti. Daktari alisema utaunga, lakini hautarudi kuwa mguu wa kushuka mlima na mtungi kichwani.

Mama Hoza alikuwa amelala uso kwa dari. Mwantumu alisimama pembeni ya kitanda, na Tausi nyuma ya mama yake.

"Jirani," Mwantumu alisema, "sina la kusema."

"Mimi ninalo." Mama Hoza hakugeuka. "Tangu tuko wadogo tunaambiwa asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Haya. Mtoto wako amesikia, na lililovunjika ni langu."

Alilisema kama anavyosema mambo yake yote, kwa kukejeli, lakini sauti ilikatika katikati, akafunga macho.

Nje, kwenye ngazi za zahanati, Tausi alisema bila kuulizwa.

"Mama, ule mstari."

"Upi?"

"Ule niliotaka kuuweka. Ulikuwa wa msaragambo. Niliuandika mwenyewe. Nilijua unatakiwa. Bibi aliposema tuutoe, nilijua anakosea."

"Sasa mbona hukukataa?"

Mtoto alimtazama mama yake kama aliyeulizwa kwa nini hakumpiga mtu mzima kofi.

"Nimwambie bibi nakataa?"

Mwantumu aliketi kwenye ngazi. Yeye mwenyewe ndiye aliyemlea hivyo. Mkubwa akikupa kitu unapokea kwa mikono miwili. Mkubwa akisema unaitika. Neno "sitaki" mbele ya bibi lilikuwa limemtoa Tausi nje ya nyumba siku moja, akiwa na miaka mitano, akalia mlangoni mpaka akaomba radhi. Hakuna kosa katika malezi hayo. Ila hakuna aliyefikiri itakuwaje mkubwa akiwa kioo.

*

Fundi Kaoneka hakumgombeza mtu. Aliwakaribisha ofisini, akawapa viti, akakohoa mpaka akamaliza.

"Wataalamu wa kampuni wamekipima," alisema. "Wanasema hakina ubovu, na mimi nimekipima pia, nawaamini. Mama Tausi, nikueleze Kivuli kinavyofanya kazi, halafu uamue. Hiki kitu kimesoma programu za miji ya dunia nzima. Unapoandika, kinauliza, katika miji yote hiyo, watu wengi hapa waliandika nini? Kinakupa hicho. Ukiandika kitu ambacho wengi hawakuandika, kinakiona kama uchafu juu ya kioo, kinataka kukifuta. Sasa niambie, huko kwenye miji mingine ni wangapi wana msaragambo?"

"Lakini mama yangu asingesema hivyo," Mwantumu alisema. "Mama yangu alikuwa wa kwanza kushuka mferejini. Jembe lake ninalo."

"Najua. Mimi mwenyewe alinipaka tope." Fundi alitabasamu kidogo. "Maneno hayakuwa yake. Alichotoa ni sauti tu. Unga wanaukanda wao, wanaupaka siagi ya kwenu."

Aliwaeleza yaliyobaki. Miezi ya kujaribu ilikuwa inaisha siku ileile, na kabla ya saa za kazi kwisha chapa ya Tausi ilipaswa kufungwa na kihariri kimoja. Wakibaki na Kivuli, mstari wa msaragambo utaongezwa, Karakana italipa faini, na Tausi ataendelea na kazi yake. Wakitaka Ubao, atarudi mwanzo kabisa, akae na wageni, na huenda asiweze, maana mkono wake ulikuwa umezoea kutanguliwa.

"Tungebadili sauti tu," Mwantumu alisema. "Kiwekewe sauti ya mtu yeyote. Ya yule mjomba wa Mbaruku."

"Nimelifikiria. Mwambie mtoto aandike mstari mmoja bila chochote."

Akamsogezea Tausi Ubao. Tausi aliweka vidole. Walingoja. Mtoto hakuandika. Alikuwa akitazama mahali ambapo herufi za kijivu zingetokea.

"Ameshajifunza kungoja," fundi alisema taratibu. "Ukimpa sauti nyingine ataingoja nayo. Na kuna jambo la pili, mama. Kivuli hakirudishwi kikiwa na sauti ndani, na ile sauti ikiondolewa haikai mahali pengine. Simu mlishaitoa. Imesagwa na vingine, huwezi kurudisha punje. Anayeweza kuiondoa ni aliyeitoa, na ni lazima aseme kwa kinywa chake mbele ya chombo."

Mwantumu alimgeukia binti yake, akamshika mkono.

"Tausi. Mwenye kazi ni wewe. Wewe unataka nini?"

"Nitafanya mtakavyosema, mama."

Mwantumu amewahi kuona maji yakimwangusha jirani yake. Amewahi kumwosha mama yake kwa mara ya mwisho. Lakini jibu lile, lililotolewa kwa adabu, macho chini, kama alivyomfundisha, ndilo lililomtisha zaidi.

"Chumba cha kuondolea sauti kiko wapi?" akauliza.

*

Kwenye ukumbi walipita mbele ya benchi la wazazi waliosubiri zamu, maana wageni wa msimu mpya walikuwa wanaandikishwa. Mwanamke mmoja alikuwa amepakata simu iliyofungwa kitambaa, anaitikisa taratibu kama mtoto aliyelala.

"Mnachukua?" akamwuliza Mwantumu.

"Tunarudisha."

Mwanamke alivuta magoti yake pembeni, kama anayempisha mgonjwa. Mwantumu alitaka kusimama amwambie kitu. Hakupata la kusema kwa haraka, naye angekosa ujasiri kama angesimama.

Chumba kilikuwa kidogo, meza na kiti kimoja. Tausi alisimama ukutani. Kijana wa kampuni alikiweka kihariri mezani, akamwelekeza Mwantumu ataje jina lake, kisha aseme maneno manne, "Naondoa sauti niliyoitoa, basi." Ayaseme yote mfululizo. Yakikatika, hayahesabiwi. Akatoka na kufunga mlango.

"Mimi ni Mwantumu, binti wa Rehani," Mwantumu alisema.

Kioo kikawaka.

"Mwantumu mwanangu," sauti ikasema. "Umekula?"

"Nimekula, mama." Hakuwa amekula tangu jana.

"Alhamdulillahi."

Alivuta pumzi. Alihisi vibaya kuingia moja kwa moja, kama mtu anayefika kwa watu na kudai kabla ya kuamkia. "Mama, shikamoo. Nimekuja kuku..."

"Kukusalimia," sauti ikamalizia. "Ahsante mwanangu. Nisalimie wote hapo. Msalimie mume wako, msalimie Tausi, msalimie Mama Hoza, mwambie nitakuja tulime pamoja."

Mwantumu alishika ukingo wa meza. Nyuma yake alimsikia Tausi akivuta kamasi.

"Mama, naomba radhi yako. Nisikilize. Leo nataka..."

"Kupumzika. Pumzika mwanangu, kazi haiishi, mtu ndiye huisha."

Haya yalikuwa maneno ya mama yake kabisa, aliyatuma siku moja Mwantumu alipokuwa na homa Pangani. Yalimwingia palepale yalipomwingia siku ile. Alifikiri, nani atanilaumu? Mstari utaongezwa. Mtoto ataendelea na kazi. Nami nikirudi kutoka shambani nitakuta ananiuliza kama nimekula.

Na hata hivyo hakuinuka. Kuna kitu kilikuwa kinamsumbua, kidogo kama punje ya mchanga kwenye wali, naye alikitafuta kwa ulimi mpaka akakipata. Sauti ile ilikuwa imemkatiza. Mara mbili. Bi Rehani, katika miaka yote aliyoishi juu ya mgongo wa ardhi hii, hakuwahi kumkatiza.

Ndipo alipoelewa alichokitoa siku ile ya vilemba na mafuta usoni. Simu ilijaa maneno ya mama yake. Ujumbe wa sauti ni mtu mmoja anaongea peke yake. Zile nyakati alizoegemea jembe akingoja, macho yametulia, akiuliza kama umemaliza, hakuna chombo kilichowahi kuzishika. Wote aliowasikiliza walikuwa nazo, na mashine haikuwa nazo. Kusikiliza kwake hakukurekodiwa popote.

"Mama," alisema. "Sijamaliza."

Kioo kilinyamaza. Katika maneno yote iliyopewa, mashine haikuwa na jibu la hilo, kwa sababu hapakuwahi kuwa na mtu aliyelazimika kumwambia Bi Rehani hivyo.

Mwantumu alizungumza pole pole, akimngoja mama yake wa kweli kati ya neno na neno, kama alivyozoea kungojwa.

"Ulinifundisha niseme ndiyo kwa mkubwa, nikamfundisha na huyu. Lakini wewe tulikuwa tukikwambia ndiyo baada ya kutusikia. Hiki hakijamsikia. Sikukatai wewe, mama. Wewe nilikuzika kwa mikono yangu, na sikuanua matanga. Leo naanua." Akafuta uso. "Naondoa sauti niliyoitoa, basi."

Mwanga ulizimika. Haukutoa mlio wowote. Mwantumu alibaki ameinamisha kichwa, na alipogundua kwamba alikuwa anangoja kuitikiwa marahaba, ndipo alipolia, na mtoto akaja akamshika mabega mpaka kijana wa kampuni alipogonga mlango.

*

Chapa ya Tausi ilifungwa na Ubao kabla ya saa za kazi kwisha. Karakana walimpa mlango wa bati wa kujaribia, ule wa wageni, akaja nao nyumbani ndani ya beseni.

Siku zilizofuata hazikuwa nzuri, na mzazi anayedhani ataondoa kosa kama hili leo na kesho aamke mzima, ajue hapa. Tausi alikaa mbele ya Ubao kama aliyekaa mbele ya chakula asichokijua. Akiandika herufi mbili, anasimama. Anainua kichwa. Anageuza sikio upande ule alikozoea kusikia sauti. Mbaruku alipita barabarani na kihariri chake kikipiga kelele mfukoni, akamwonea huruma, na huruma ile iliuma kuliko dhihaka. Mama Hoza alirudishwa kwake kwa machela. Kila asubuhi Mwantumu alimpelekea uji na kumtekea maji, na Mama Hoza alikunywa uji akisema hauna sukari, na alipoacha kusema hivyo siku moja, Mwantumu aliogopa zaidi.

"Anaandika?" Mama Hoza aliuliza siku hiyo.

"Bado."

"Mwambie aanze na ule wa mguu wangu."

Mwantumu alifikisha ujumbe neno kwa neno. Mchana, jua limesimama juu ya paa, barazani hakuna mtu ila yeye na mama yake, Tausi aliweka vidole kwenye Ubao na kuandika mstari wa msaragambo. Aliuandika wote. Akauendesha, na ndani ya beseni ule mlango wa bati, uliotakiwa ubaki umefungwa, ukafunguka wazi, maji yakamwagika kwenye sakafu mpaka kwenye ungo wa maharage.

Ubao haukusema kitu. Haukuwaka nyekundu. Mstari ulikuwa pale vile vile alivyouandika, na kosa likiwa ndani yake.

Tausi alitazama maji. Kisha alimtazama mama yake.

Mwantumu alikuwa ameshafungua kinywa. Ndani yake mlikuwa na maneno mengi, yote ya mapenzi. Acha mwanangu, umechoka. Nitamwomba fundi akuonyeshe. Labda ungeanza na kitu chepesi. Hakujua kosa liko wapi, hata herufi moja ya mstari ule hakuijua maana yake, lakini maneno ya kummalizia mtoto yalikuwa tayari mdomoni, yamejipanga, yanangoja kuguswa tu.

Aliyameza. Alikaa chini kwenye maji, akaweka mikono magotini, akamtulizia mtoto macho.

"Umemaliza?" akauliza.

Tausi aliuvuta Ubao magotini, kama mtu anayenyanyua mzigo ambao hajawahi kuubeba peke yake.

"Hapana, mama," akasema. "Sijamaliza. Usiniambie kitu."

Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yake kumwambia mkubwa neno hilo. Mwantumu hakumgombeza. Alivuta ungo kutoka kwenye maji, akaanza kuokota maharage moja moja, akangoja.